Ufa Chini ya Gundi

Nilichokiona kwanza ni nyayo mbili za shemeji yangu, zimechomoza chini ya gari la marehemu kaka, zimepakaa oili hadi vifundoni. Humo chini paipu ya chuma iligonga spana mara tatu, kisha likatoka tusi moja lililonyooka, la kuitosha bolti na ukoo wake wote.

"Shemeji," nikaita, "nimetumwa ufunguo."

"Na nani?"

"Na dada." Dada yetu mkubwa ndiye mkata maneno, sisi wengine kazi yetu kuyapeleka. "Anasema gari lina miaka kumi na moja limekufa. Apewe mwanawe alitengeneze, maana wewe..."

"Maana mimi ndiye niliyeliua. Malizia. Hadithi si yako?"

Ilikuwa yangu kweli. Kaka alinipa mbegu tu: kwamba mkewe aliliendesha lile gari lake la zamani, lenye taa za mviringo na vioo vya kuzungusha, siku moja tu maishani mwake, na giaboksi ikafia njiani. Kumwagilia nilimwagilia mimi. Katika harusi ya kwanza nilipoisimulia, gia zilipiga mayowe. Katika ya pili zilitapikwa barabarani, kuku wakazidonoa. Kufikia harusi ya tano, askari wa barabarani alikuwa amevua kofia anaziombea. Watu walicheka wakashika mbavu, na shemeji akabaki na jina la Mama Gia. Yeye alitabasamu, akaendelea kukusanya sahani.

Kaka, kwa upande wake, alikuwa mtu wa kukaza. Alikaza bomba la maji hadi majirani wakadhani ukame umeingia. Kuna chupa ya asali aliyoifunga mwenyewe. Nyuki wenye mali walikuja, wakaizunguka siku mbili, wakarudi kwao wamenywea. Tulimsifu kwa hilo. Hatukumuuliza mkewe alikuwa akifunguaje vitu nyumba nzima.

Shemeji alijisukuma kwa visigino akatoka. Alikuwa ndani ya ovaroli ya marehemu, mikono kaikunja mara nne. Giaboksi ilikuwa imekwisha shushwa sakafuni, imelazwa juu ya magogo mawili; bolti iliyotukanwa ilikuwa ya fremu iliyoishikilia.

"Njoo uone ulichokuwa ukisimulia."

Nikachuchumaa, magoti yakalalamika. Bolti nane zilikuwa zimepangwa juu ya gazeti, mbili hazina vichwa. Mahali ilipokaa kila moja, washa, kile kipete cha chini ya kichwa, ilikuwa imezama ndani ya alumini kama kidole kwenye unga uliokandwa. Na kwenye tundu la tano ulianzia ufa, mwembamba kama unywele, ukateremka hadi karibu na ukingo wa kasha la giaboksi.

"Alumini hii laini," akasema. "Ukiikaza kupita kiasi haikuambii. Inanyamaza. Halafu siku yake ikifika inapasuka, na wewe unashangaa."

"Labda ni siku ile ulipo..."

Hakuningoja. Ncha ya bisibisi iliingia ufani, ikainua utepe mgumu wa gundi ya kijivu, ile ya kuzibia gasketi. Ilikuwa imepakwa kwa utulivu, ikasawazishwa kwa kidole, ikapita hata pale kilipokaa kichwa cha bolti.

"Tangu siku ile, nani ameigusa giaboksi hii?"

"Hakuna. Gari lilisukumwa hadi hapa, likafunikwa turubai."

"Basi gundi hii ilipakwa lini, shemeji?"

Nimeshindana na waongo wa kila aina, na wengi nimewabwaga. Hapo gundi ilinibwaga mimi. Kaka aliuona ufa. Aliuziba kwa mkono wake, akampa mkewe ufunguo aliokuwa akimnyima miaka yote, na gari liliporudi linasukumwa akaja kwangu, kwa kuwa alijua nina mdomo. Kama alikusudia, sijui. Yeye hayupo wa kuulizwa, mimi nipo.

"Ulikuwa unajua?" nikauliza.

"Ningejuaje? Kila nikitaja kuifungua, mlicheka. Bolti hii ya tano nimepigana nayo miezi mitatu." Akajifuta mikono. "Kesho fundi wa kuchomelea anaichukua. Atatoboa kitundu mwisho wa ufa, usisogee tena, ndipo aujaze. Bolti nitazirudisha mimi, kwa kiasi chake. Na ufunguo simpi mtu."

"Dada atakuja juu."

"Na aje. Kiti cha nyuma kipo."

Simu ikaita mfukoni mwangu. Ni yeye. Nikaiweka sauti ya nje, sijui kwa nini. Labda nilichoka kuwa mjumbe.

"Umeupata ufunguo?" dada akauliza. "Mwambie huyo Mama Gia asitupotezee siku."

Shemeji alikuwa amekishika kitambaa juu ya kasha la giaboksi. Hakuniangalia, ila kitambaa kiliacha kutembea. Uongo wa aina tatu ulinijia kwa mpigo, wote mtamu, wote wa kunitoa pale salama.

"Dada," nikasema, "kaa kitako. Ile hadithi ya giaboksi nimekuwa nikiwasimulia bila mwanzo wake."

"Mimi nina kazi. Fupisha."

"Haifupiki. Na safari hii haichekeshi."

Shemeji aliifudikiza ndoo tupu sakafuni, akanisogezea kwa mguu. Nikakaa.