Shuka la Kufungia Kioo

Zulia lilikwama kwenye kona ya ghorofa ya pili, likagoma kupanda na likagoma kushuka. Songül alikuwa juu, amelikumbatia kwa mikono miwili. Remzi, muuza samani za mtumba, alikuwa chini akisukuma kwa bega na kumlaani fundi aliyejenga ngazi zile.

"Likunje, dada!"

"Zulia la hapa Uşak halikunjwi, linaviringishwa. Wewe ulizaliwa mji gani?"

"Huu huu. Ila nyumba ya chini, ndiyo maana sijazoea adhabu hii."

Songül akacheka, na kicheko kikamlegeza mikono. Zulia likajipinda lenyewe, likapita. Walipofika ghorofa ya tatu walilibwaga sebuleni, wakalikunjua kwa miguu. Lilikuwa jekundu la zamani, limechakaa katikati kwa nyayo za watu wasiojulikana, na pembe moja ilikuwa na tundu ambalo Songül alikwisha kulipangia mguu wa kochi. Alirudi nyuma hadi mlangoni akalitazama. Chumba ambacho asubuhi kilikuwa vigae na mwangwi tu, sasa kilikuwa sebule ya mtu. Alitaka kulia, lakini Remzi alikuwepo.

Remzi akashuka tena, akarudi na kabati dogo la nguo mgongoni. Mlango wa kabati ulikuwa na kioo, na kioo kilikuwa kimefungwa kitambaa cheupe na kamba. Alipokata kamba, kitambaa kilianguka sakafuni kikafunguka, na kumbe kilikuwa shuka zima la kitanda, limefumwa kwa mkono, maua juu ya maua.

"Na hili je?"

"Chukua tu. Sisi tunafungia vioo."

"Limetoka wapi?"

"Bibi mmoja alifariki, watoto wake wakaniita nikabeba kila kitu. Mashuka ya kufuma siku hizi nani anayataka, dada? Ninayo tele. Yanafaa kwa vioo, hayakwaruzi."

Songül alilifua, akalianika kwenye roshani, akalitandika. Kitanda cha mtumba kikapata adabu.

Alikuwa na miaka arobaini na miwili, na ule ulikuwa ufunguo wa kwanza wa nyumba kuwa wake peke yake. Tangu usichana alishona mapazia katika duka moja karibu na soko, akipinda pindo na kupanga marinda ya mapazia ya mabibi harusi. Alijua madirisha ya nusu ya mji kwa urefu na upana, lakini vyumba vyenyewe hakuwahi kuviona. Mabibi harusi walikuja na mama zao, wakabishana naye juu ya marinda, wakaenda zao, na baada ya miaka wakarudi na mabinti zao. Kwa Songül mambo hayakwenda hivyo. Aliyemtaka yeye, baba alimkataa. Aliyetakiwa na baba, yeye hakumtaka. Baba alipofariki, kaka yake alihamia kwa mama pamoja na mke na watoto, na Songül akawa analala sebuleni, akisubiri televisheni izimwe ndipo atandike. Siku moja alikwenda kupanga nyumba bila kumwuliza mtu.

Mama yake, Bi Zekiye, hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alisema tu, "Binti hutoka kwao na shela kichwani," kisha akaendelea kumenya vitunguu. Siku ya kuhama, Songül alipoinama kuchungulia chini ya kitanda cha mama, mahali ambapo sanduku la harusi alilowekewa yeye lilikaa tangu utotoni mwake, Bi Zekiye alikuja akasimama mbele yake.

"Hilo linasubiri harusi. Halihamii nyumba ya kupanga."

Ndani ya sanduku lile mlikuwa na jioni zote za Bi Zekiye: foronya, mashuka, vitambaa vya meza, vitambaa vya makochi, taulo zenye maua kwenye pindo, vyote vya kufuma, vyote vyeupe. Kusema kweli, Songül hakuvipenda sana alipokuwa msichana, na hata sasa hakuwa na haja navyo. Alichotaka ni mama yake apande ngazi zile, avue viatu mlangoni, akae. Kwao mtu ambaye hajavua viatu hajaingia, hata ungemsifia nyumba mpaka koo likauke.

Wiki zikapita. Songül alipamba kila jioni baada ya kazi, na kila alichokipamba alikipamba kwa macho ya mama yake. Kochi la Remzi alilifunika blanketi la sufu lenye milia. Mito aliishona kutoka kwenye zulia dogo lililoliwa na nondo, akachukua sehemu nzima na kuwaachia nondo sehemu yao. Mapazia aliyashona kwa mabaki ya vitambaa vya dukani. Kwa kuwa alikuwa na haraka, na kwa kuwa alijiona bingwa, alikata kwa kukadiria kwa macho. Yalipotundikwa yalikuwa mafupi, yanaelea vidole vinne juu ya sakafu. Bingwa akakaa chini akajicheka.

Jumapili moja mlango uligongwa. Bi Zekiye alikuwa pale, anahema, ameshika chupa kubwa ya unga wa supu.

"Sikai. Nimekuletea tarhana. Ya dukani itakuharibu tumbo."

"Ingia, mama. Chai iko tayari."

"Naona vizuri nikiwa hapa."

Songül alisogeza mbele ndara mpya za nyumbani, zenye manyoya ndani, alizomnunulia yeye. Bi Zekiye alizitazama kama ndara za mtu mwingine. Kisha akanyoosha shingo na kukagua sebule toka kizingitini, zulia, kochi, mito, dirisha.

"Pazia lako fupi."

"Najua."

"Maisha yako yote unashonea watu mapazia yanayofagia sakafu. La kwako linaonyesha vifundo vya miguu!"

"Mganga hajigangi, mama."

Pembe ya mdomo wa Bi Zekiye ilicheza kidogo. Songül aliiona, na moyo ukamruka. Lakini macho ya mama yalikwisha kusonga, yakapita kwenye mlango wa chumba cha kulala uliokuwa wazi, yakasimama.

"Nini kile kitandani?"

"Shuka."

"Naona ni shuka. La nani?"

Hakusubiri jibu. Alivua viatu, kimoja kikalala ubavu, akapita kando ya zile ndara akiwa na soksi tu hadi kitandani. Songül alikuwa amekingoja kitendo hicho wiki zote zile, na sasa kilipotokea hakikumpa furaha hata chembe, kwa sababu uso wa mama ulikuwa umebadilika.

"Umejitandikia jasho la mama wa mtu mwingine."

"Nimepewa bure, mama. Lilikuwa limefungiwa kioo."

"Limefungiwa nini?"

"Kioo cha kabati. Kisikwaruzike njiani."

Bi Zekiye akakaa kitandani. Alivuta ukingo wa shuka magotini mwake, akaanza kuupitisha vidoleni pole pole, kama mtu anayetafuta chawa katika nywele za mtoto.

"Huyu alikuwa anabana uzi," alisema baadaye. "Mtu wa wasiwasi. Njoo uone. Hapa uzi ulimwishia, akanunua mwingine, na weupe wake si ule ule. Alijua. Ndiyo maana kaanzia upande huu, upande wa ukutani." Akalipindua. "Na mistari hii ya manjano?"

"Nimefua mara mbili. Haitoki."

"Haitatoka. Ni mikunjo. Hili halijatandikwa hata siku moja, mwanangu. Lilikunjwa jipya, likakaa sandukuni mpaka mwenyewe akafa."

Nje mtoto wa jirani alikuwa akipiga mpira ukutani.

"Alikuwa na binti?" mama aliuliza.

"Remzi kasema watoto. Sijui kama walikuwa wa kike."

"Watoto," alisema Bi Zekiye.

Alilinyoosha shuka mahali alipokuwa amekaa, akaenda mlangoni, akavaa viatu, akashuka bila kuaga na bila kuonja chai. Songül alisimama na chupa ya tarhana mikononi, akisikiliza zile hatua zikipungua. Akajua ameharibu. Alilia sana siku ile, kilio cha mtu mzima, cha kujifuta na kuanza upya. Alilitoa shuka kitandani alikunje alifiche. Halafu akalitandika tena. Alimwonea huruma yule bibi. Kosa halikuwa lake.

Jumapili iliyofuata honi ililia chini mpaka majirani wakatoka. Songül alichungulia kutoka roshani. Gari la mizigo la kaka yake lilikuwa limesimama mbele ya mlango, na nyuma, kati ya wanawake wanne waliovaa vilemba vya sikukuu, lilikaa sanduku. Bi Zekiye alikuwa amelishika kwa mkono mmoja kama abiria mwenzake.

"Unatazama nini?" mama alipiga kelele toka chini. "Washa pasi!"

Kaka yake alilipandisha sanduku huku akilalamika kila ngazi kwamba mgongo wake si wa punda. Wanawake walivua viatu mlangoni, rundo zima, na Bi Zekiye akachomeka miguu katika ndara za manyoya. Kisha kazi ikaanza. Kwao vyombo vya bi harusi huanikwa kabla ya harusi, majirani waje wavitazame, wavisifu, na wavihesabu kimoyomoyo. Wanawake wale walianika. Mmoja alipiga pasi, mwingine akafunga utepe kwenye taulo, mwingine akatundika foronya ukutani kwa pini. Sebule ikawa nyeupe pande zote, na chini likawaka lile zulia jekundu.

"Shuka langu ni hili," Bi Zekiye alisema chumbani, akilitoa sandukuni. Songül alishika ukingo wa lile la bibi ili alitoe. "Liache kwanza. Wiki hii lake, wiki ijayo langu. Tutapokezana."

Aliyekuwa akifunga utepe ni Bi Münire, jirani wa miaka mingi, ambaye ulimi wake haujawahi kuchukua likizo. Alirudi nyuma, akaikagua sebule, mikono kiunoni.

"Zekiye, ndugu yangu, kila kitu kizuri mashallah. Bwana harusi tu ndiye simwoni. Au yuko jikoni anatuandalia?"

Songül aliinamia foronya aliyoishika, masikio yakimchoma. Aliogopa kumtazama mama yake. Akili ilimwambia kwamba sasa hivi kila kitu kitarudi sandukuni.

Bi Zekiye hata kugeuka hakugeuka. Alikuwa akinyoosha kitambaa cha meza.

"Münire, wewe bwana ulipata?"

"Mwaka wa hamsini huu, Mungu amweke."

"Vitambaa alivyokufumia marehemu mama yako viko wapi?"

"Viko sandukuni. Nitavitoa vichafuke?"

"Basi kunywa chai."

Mpiga pasi akaangua kicheko, na wenzake wakamfuata, na Bi Münire mwenyewe akacheka mpaka kilemba kikamtelezea. Alipokwisha kucheka alikaa kwenye kochi, akashika ukingo wa kitambaa cha karibu, na kwa muda mrefu hakusema kitu, jambo ambalo mtaa mzima haukuwahi kulishuhudia.

"Kesho nitatoa kimoja," alisema hatimaye.

"Viwili," alisema mpiga pasi.

Walikula mikate ya jibini, walikunywa chai, walilisema pazia fupi kila mmoja kwa zamu yake, na alasiri wakaondoka. Kaka alipiga honi chini. Bi Zekiye alikwenda kwenye roshani akampungia mkono aende zake.

Wakabaki wawili. Songül aliosha bilauri mbili, akazileta mezani pamoja na birika. Kitambaa kilichokuwa mezani kilikuwa cha makomamanga, kazi ya majira mazima ya baridi, mwaka ule theluji ilipofunga njia na umeme ukakatika, mama akifuma karibu na jiko la kuni. Bi Zekiye alichukua birika yeye mwenyewe. Akamimina ya Songül. Akamimina ya kwake, na hapo mkono wake ukatetemeka, au haukutetemeka, Songül hakuwa na hakika. Bilauri ilipinduka. Chai nyekundu ikamwagika juu ya weupe ule wote.

Songül aliruka. "Chumvi! Mama, inua kitambaa, nilete chumvi!"

Bi Zekiye alimshika mkono wa gauni.

"Kaa."

"Doa litashika, mama. Halitatoka hilo."

"Lishike. Kaa unywe chai yako, inapoa."

Songül akakaa. Mama akajimiminia nyingine, akatia sukari, akakoroga. Doa likatambaa pole pole kuelekea ukingo, likafika kwenye komamanga la kwanza, likaanza kulijaza.