Saa Tatu Kwenye Karatasi

"Kituo cha afya, kituo cha afya, hapa karakana. Mnanisikia?"

Redioni ulirudi mvumo tu, kama mvua inayonyesha kwa jirani.

Mama Waya, ndivyo walivyomwita kazini, aliachia kitufe. Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi, robo saa baada ya wakati aliompangia muuguzi kuita. Antena ile aliisanifu peke yake kwa miezi miwili kwenye programu ya kompyuta: akiurefusha waya, akiufupisha, akitazama umbo la mawimbi likivimba kwenye skrini kama buyu, mpaka likauvuka mlima. Nyuma ya mlima huo simu hazishiki. Kuna muuguzi mmoja na wajawazito wake.

Msimamizi alichungulia mlangoni. "Mama Waya, kompyuta yako inachora maua. Maua hayaongei."

"Nipe mpaka jioni, bosi."

"Saa tisa fundi wa paa anaushusha waya. Chumba hiki nakifanya stoo."

Alipima upya. Waya mzima, hesabu sawa. Mchana alikula mkate akiikabili redio, kama mtu anayekula na mgeni aliyenuna.

Saa tisa ikikaribia, ndipo alipoivuta nakala ya barua aliyompelekea muuguzi pamoja na redio. *Ita 3:00 ya mchana, kwa saa ya redioni.* Alimaanisha saa tatu ya asubuhi, si ya usiku, na alivyotamka ndivyo alivyoandika. Lakini saa ya redioni huonyesha 3:00 ikiwa saa tisa alasiri!

"Ama kweli mimi!" Alitoka mbio. Fundi wa paa alikuwa tayari juu, ameshika koleo.

"Kaka, usikate! Dakika tano tu!"

"Tano zako au za bosi?"

"Zangu, ndugu yangu. Nakuomba."

"Haya. Ila koleo lina njaa."

Alirudi ndani akihema. Mvumo. Mvumo. Kisha sauti ya mwanamke, nyembamba, safi:

"Karakana, kuna mtu huko?"

Alibonyeza kitufe. "Yupo, dada. Yupo."

"Afadhali! Tangu juzi sijaongea na mtu asiyeumwa. Uko na nani hapo?"

Mama Waya alikitazama chumba.

"Niko mwenyewe."

"Na mimi."

Hakuna aliyeaga. Redio iliendelea kuvuma taratibu kati yao, na nje ya dirisha miguu ya fundi ilining'inia ukingoni mwa paa, imetulia.