Sura ya Kuazima

Mwalimu Munyaneza alikuwa na ahadi moja kwa watu wa mtaa wa Nyamirambo, na ahadi hiyo ndiyo iliyomponza. Kila Jumamosi, katika chumba chake nyuma ya duka la fundi cherehani, aliwafundisha vijana sita kuchora. Kwa kuwa hakuna anayejifunza sura ya mtu kwa kutazama chungu, aliwaomba majirani waje wakae kwenye kigoda saa mbili nzima wachorwe. Watu walisita, na nani asiyesita? Basi akawaambia: sura yako tunaiazima tu. Mwisho wa mwaka ukifika, picha bora kuliko zote uende nayo kwako, zilizobaki nizichane mbele ya macho yako.

Na kweli alizirudisha, miaka saba mfululizo. Siku ya mwisho ya Desemba alifunga kamba chumbani, akazibana picha kwa vibanio vya nguo, akachemsha chai, watu wakaja kuchekana pua. Ilikuwa pia siku yake ya kujipima. Kazi iliyomlisha ilikuwa kuchora vitabu vya shule, mbuzi na jembe na mtoto anayenawa mikono, na mbuzi wale walishamchosha mpaka basi. Lakini wanafunzi walimpa kiburi, na hakuna aliyempa kiburi kama Damascène.

Huyu Damascène alikuja miaka minne nyuma, hajui kuchora hata yai. Munyaneza alimpa penseli, akamlisha, akamwita kichwa maji mara mia, na mwishowe akamtafutia kazi katika kiwanda kidogo cha uchapaji huko Kiyovu. Alimfundisha kuanza na sikio. Mdomo hubadilika, alisema, pua unaweza kuidanganya, lakini sikio ni la mtu mwenyewe. Ukilipata sikio, hata mtoto atamtambua.

Ijumaa ile, siku ya mwisho ya mwaka 1993, Munyaneza alifunga kamba, akatandaza picha zote kitandani, akaona moja haipo. Ilikuwa ya Béatha, mama muuza maandazi wa pale kona, ambaye sikio lake la kushoto lilichanika zamani, mwanawe alipovuta hereni. Picha aliichora Damascène. Ila sikio lilimshinda, na Munyaneza mwenyewe alichukua penseli akalisahihisha, mstari kwa mstari, huku darasa zima limesimama nyuma yake. Kisha akakumbuka: mwezi wa kumi Damascène aliiomba picha ile, eti akajizoeze nayo nyumbani. Akampa. Alimpa huku anatabasamu, mwalimu mjinga yule.

Akarudishia mlango bila kufuli, akapanda mpaka Kiyovu kwa miguu.

Kiwandani alimkuta Damascène amevaa shati jipya. Mezani kulikuwa na rundo la magazeti ya wiki ile. Munyaneza aliyajua magazeti ya aina ile, ingawa hakuwahi kuyanunua. Vita vilikuwa kaskazini mwa nchi mwaka wa nne huu, na magazeti hayo kazi yake ilikuwa kuwataja raia wa mjini, kwamba huyu anawasaidia waasi, na yule pia, na baada ya kutajwa watu wengine walivunjiwa milango. Alikuwa akijiambia kwamba hayo ni mambo ya wakubwa wa serikali kule Kimihurura, yeye ni mchora mbuzi.

Ukurasa wa mbele kulikuwa na nyoka mwenye kichwa cha mwanamke, amebeba sinia la maandazi. Chini yake waliandika kwamba huyu ndiye anayewalisha waasi. Uso ulikuwa umeharibiwa kwa makusudi, meno nje, macho madogo. Sikio halikuharibiwa. Lilikuwa limechanika palepale, kwa mstari uleule, na Munyaneza alitambua mkono wake mwenyewe.

Damascène hakukwepa macho. Alieleza taratibu kwamba Béatha ana kaka yake Uganda, kule walikotoka waasi, alisema mwenyewe siku ile akiwa kigodani, kila mtu alisikia. Tena wenye gazeti wameipenda kazi yake, wanataka nyuso nyingine. Munyaneza alimuuliza kama anajua mama yule atafanywa nini.

"Mwalimu, si wewe uliyesema nichore hata mtoto amtambue?"

Munyaneza alitaka kumpiga. Kusema kweli mkono ulinyanyuka, kisha ukashuka, kwa sababu miaka minne yote ilimjia kwa pamoja, penseli, sahani za maharage, na ule upole wa kijana akiomba picha. Alikuwa ameumizwa mno hata hasira ikakosa nguvu. Akatoka bila kuaga.

Njiani alipanga maneno ya kumwambia Béatha. Atamshauri aondoke leo leo, aende kwa dada yake kule Masaka, nje kidogo ya mji, na yeye atambebea mizigo. Lakini alipofika chumbani kwake alimkuta amekwisha kaa kwenye kigoda kilekile cha darasani. Khanga ameifunga kichwani mpaka imefunika masikio yote mawili, na gazeti liko mapajani. Kwenye kona yake hakuna mtu aliyenunua andazi tangu asubuhi.

Munyaneza akaanza kusema ni Damascène, kijana amemsaliti, hata yeye mwenyewe hakujua. Béatha alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sura yangu niliazima wewe," akasema. "Siyo yeye."

Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Mwalimu, ulisema mwisho ya mwaka. Leo ndiyo mwisho ya mwaka. Nirudishie sura yangu."

Nje, muuza magazeti alikuwa akipita anataja bei. Munyaneza alitazama kamba yake tupu, akatazama kile kiganja, na hakuwa na cha kuweka juu yake.