Ngozi ya Dainamo

Mtambo wa Mbonimpa uliungua Jumamosi ya gulio, na ndani yake waliteketea ng'ombe wawili wa Rwegoshora. Haikuokotwa kwato wala pembe kwenye majivu, maana ng'ombe wenyewe walikuwa wameuzwa Nkwenda mwaka uliotangulia, wakageuka dainamo ya lori, gurudumu la maji, mkanda na nyaya. Hata hivyo, habari ilipomkuta Rwegoshora migombani kwake Kaisho, aliuliza swali la mfugaji.

"Wamekufa wote wawili?"

"Wote," akajibu shemeji yake, Elpidius. Sura yake ilikuwa msibani, lakini macho yake yalikuwa harusini. "Gaju na mtamba wake. Nilikwambia, shemeji. Ng'ombe hula majani. Mashine hula ng'ombe."

Rwegoshora aliendelea kupogoa majani makavu. Mtu akipigwa na habari nzito, ni heri mikono yake iwe na kazi.

Miaka ile betri za redio zilikuwa adimu kuliko sukari. Watu walizianika juani kama kahawa, wakiziomba zipate uhai wa taarifa moja ya habari tu. Wenye betri za gari walizipandisha juu ya mizigo ya malori hadi Bukoba zikachajiwe, na zilirudi zimemwaga nusu ya tindikali yake njiani. Ndipo Mbonimpa alipokuja. Alikuwa kijana wa watu waliotoka Rwanda zamani, fundi aliyesomea chini ya matumbo ya magari mabovu, mwenye maneno mengi na suruali moja. Alipindua baiskeli uani kwa Rwegoshora, akazungusha pedali kwa mkono mpaka taa ikamulika uso wa Kokwijuka, mke wa mwenye nyumba, aliyekuwa akimenya ndizi.

"Mkono wangu utachoka, mzee," alisema huku akihema. "Lakini kile kijito cha bondeni hakichoki, na hakidai chakula cha mchana."

Kokwijuka alicheka hadi kisu kikamponyoka. Rwegoshora hakucheka. Alikuwa ameiona taa.

Mambo ya hisa na mitaji hakuyajua. Alijua njia moja tu ya kumpa asiye na kitu mali ikazae mikononi mwake, njia ya baba yake na babu yake: unamkabidhi ng'ombe. Mchungaji hunywa maziwa na kuchukua mbolea. Ndama wa kwanza ni wa mwenye ng'ombe, wa pili ni wa mchungaji. Ng'ombe akifa, mchungaji humletea mwenyewe ngozi. Mwenye mali akiigusa, deni limekufa pamoja na ng'ombe. Asipoigusa, wanakwenda kwa wazee, na mchungaji hulipa kwa chochote alicho nacho. Na hivyo ndivyo walivyopatana, Rwegoshora na Mbonimpa, juu ya kitu kisichokuwa na mkia.

Mtambo ulizaa. Ulianza na betri mbili kwa siku, ikawa tano, ikawa foleni. Wenye nyumba za wageni wa Nkwenda walileta zao kwa baiskeli; mwalimu wa kwaya ya Walutheri alileta yake kwa mkokoteni. Rwegoshora akawa na mazoea ya kushuka bondeni kila Alhamisi, kulitazama tu gurudumu likinywa maji, kama mtu anayemtazama mtoto wake akila.

Tatizo lilianzia kwenye rubisi, pombe ya ndizi. Wanaume waliketi wakiizungushia mirija, na Elpidius akauliza mbele ya wote: "Hivi shemeji, huyo ng'ombe wako wa chuma ana chuchu ngapi? Maana sijaona hata ndevu zako zikilowa maziwa." Walicheka mpaka mtungi ukayumba. Kicheko cha watu ni kama mwiba wa samaki. Hakiui, lakini hakimezeki.

Alhamisi iliyofuata Rwegoshora alidai ndama wake.

"Mzee, beringi inalia," Mbonimpa alisema. "Sikiliza. Kilichopatikana mwezi huu kinatosha beringi mpya ya Bukoba. Nipe miezi miwili."

"Ndama wa kwanza ni wa nani?"

"Wako, mzee."

"Basi mlete."

Mbonimpa alimlipa. Rwegoshora alinunua koti la kijivu lenye vifungo vya shaba, akalivaa Pasaka, akapita nalo mbele ya Elpidius mara mbili zaidi ya ilivyohitajika. Wiki mbili baadaye beringi ilikwama, dainamo ikapata moto, koili zikaungua, na kibanda cha nyasi kikazifuata. Betri za watu zilitolewa salama. Kingine hakikuokolewa.

Sasa Elpidius alikuja kila jioni na shauri lile lile. "Shamba la mama yake Mbonimpa lina migomba mizuri. Usiiguse hiyo ngozi. Twende kwa wazee."

"Nyirabageni ataishi wapi?"

"Alikotoka."

"Ametoka hapo hapo kwenye shamba lake," Kokwijuka alisema kutoka jikoni. "Miaka thelathini, kaka. Kitovu cha Mbonimpa kimezikwa pale."

"Dada, mimi naongea na mumeo."

"Na mimi naongea na chungu. Kama umesikia, shauri yako."

Jumapili baada ya ibada, Mbonimpa alipanda kilima akiwa na mzigo wa gunia kichwani. Mama yake, Nyirabageni, alimfuata na mkungu wa ndizi. Shingo ya kijana ilikuwa imezama mabegani kwa uzito. Walipofika uani walisalimu, wakakaribishwa, wakakaa. Hakuna aliyeharakisha. Kisha Mbonimpa akapiga magoti, akalifungua gunia mbele ya miguu ya Rwegoshora. Dainamo ilikuwa nyeusi kama sufuria ya msiba, nyaya zimeng'ang'ana kama utumbo uliokauka.

"Mzee, nimeleta ngozi."

Elpidius aliruka kutoka kwenye kigoda. "Ngozi gani hii yenye nati?"

"Ndiyo aliyokuwa nayo," Mbonimpa alijibu.

"Na aliugua nini? Hebu tuambie, daktari wa vyuma. Alikufa kwa nini?"

Rwegoshora alihisi koti likimbana makwapani. Alilisubiri neno beringi kama mtu asubiriavyo fimbo. Kijana aliinamisha macho.

"Alikufa, mzee. Nilikuwa mchungaji wake, na alikufa mikononi mwangu."

Nyirabageni aliuweka mkungu chini, taratibu, kana kwamba unaweza kuamka.

"Kijana," Rwegoshora alisema, na sauti yake ilikuwa na kutu, "kwa nini huisemi beringi?"

"Mchungaji haji na ngozi akamshitaki mwenye ng'ombe."

"Beringi gani?" Elpidius aliuliza.

"Ndama niliyemng'oa kwenye chuchu," Rwegoshora alisema, "ili nikuoneshe wewe koti." Akalivua, akalining'iniza kwenye mwimo wa mlango, akabaki na shati lenye tundu la kiwiko. Halafu akainama, kwa shida ya magoti ya umri wake, akaweka kiganja chote juu ya ile dainamo. Masizi yakakijaza. Aliuacha mkono pale kwa muda, kama mtu anayelipapasa tumbo la ng'ombe mwenye mimba.

"Nimeigusa. Mmeona wote."

Nyirabageni alijifunika uso kwa khanga. Elpidius alitema mate nje ya ua. Ilipasa mambo yaishie hapo, watu wale ndizi, waagane. Lakini Rwegoshora bado alikuwa amechutama.

"Ungepata ng'ombe mwingine, ungefanyaje?"

Mbonimpa hakufikiri hata kidogo. Ilikuwa dhahiri amekuwa akilijibu swali hilo peke yake. "Beringi mbili kabla ya betri ya kwanza. Kibanda cha bati. Na wewe, mzee, nisamehe, lakini nisingekuruhusu kumgusa ndama mwaka mzima, hata ungekuja na panga."

Kokwijuka aliangua kicheko kile kile cha siku ya baiskeli. Zizini alikuwa amebaki Bihogo peke yake, naye ndiye aliyekuwa akikamuliwa. Rwegoshora alimtazama mkewe.

"Usinitazame mimi," alisema Kokwijuka. "Mtazame Bihogo, umwombe radhi."

"Shemeji," Elpidius alisema, "ukimtoa yule ng'ombe, mimi sitakanyaga tena hapa."

"Njia unaijua," Rwegoshora alisema. "Karibu ndizi kwanza."

Elpidius hakula.

Bihogo alishuka kwenda Nkwenda Jumamosi iliyofuata, Mbonimpa mbele na kamba, Rwegoshora nyuma na fimbo asiyoitumia. Nani alifaidi na nani alijuta, watu wa Kaisho wanabishana hadi leo. Gharama haibishaniwi: ng'ombe watatu na zizi tupu, koti moja, lililouzwa likanunua misumari ya bati, shemeji mmoja, ambaye hata kanisani alihamia benchi la upande wa pili, na maziwa ya chai ya Kokwijuka, asubuhi na jioni, kwa mwaka na miezi miwili.