Kanda Iliyoshika Mkia

Mimi nina kichwa kigumu, na nalisema hilo mapema ili mtu asije akanihurumia kabla ya wakati. Watu wa Makambako wananijua. Nikisema kitu, ndiyo nimesema. Kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano nilisema kwamba Maua ya Kitulo ndiyo kanda mbovu kuliko zote saba za bendi ya Radi, na kwa miaka yote hiyo mtu mmoja tu alinibishia. Huyo ni Nahumu, Mkinga wa Makete, mkulima wa viazi na rafiki yangu.

Radi walikuwa vijana watano wa Njombe waliopiga roki kwa Kiswahili wakati kila bendi nyingine ilikuwa inapiga dansi. Magitaa yao yalikuwa yanakwaruza na ngoma zao zilikuwa zinaingia kifuani. Hawakufika mbali. Walitoa kanda saba, wakatawanyika, wengine wamekufa. Mtandaoni hawamo, ukiacha nyimbo tano sita ambazo watu walizipandisha kutoka kwenye kopi zangu. Maana huku kwetu, kila aliyeisikia Radi aliisikia kwangu. Nilikuja Makambako kutoka Tanga nikiwa utingo, lori likaharibikia hapa, nikabaki, nikafungua kibanda cha kurekodi kanda. Ulikuwa unaleta kanda tupu asubuhi, jioni unachukua iliyojaa. Iliyolia kwenye baa, kwenye malori na majumbani, kuanzia Ilembula mpaka Ludewa, ilikuwa Radi iliyotoka kwenye mashine yangu.

Kila tarehe ishirini na sita Desemba tulikutana nyumbani kwangu Lyamkena, sisi wapenzi wa Radi. Tulianza watu thelathini, miaka ikatupunguza. Mke wangu Salha alipika pilau, na kazi ya siku ile ilikuwa moja tu: kuzipanga kanda saba juu ya meza. Iliyo bora ikae upande wa dirisha, iliyo mbovu upande wa mlango. Mmoja anapanga, mwingine anahamisha, na hapo ndipo kelele zinapoanza. Mwalimu Oktavia aliwahi kulia machozi kabisa kwa sababu tuliishusha Mvua ya Mawe mpaka ya tatu. Masumbuko, dereva wa malori, alikuwa tayari kuacha pilau kama Mlango wa Mbao haijakaa dirishani.

Lakini upande wa mlango hakukuwa na ubishi. Mkia ulishikwa na Maua ya Kitulo, kanda ya nne. Nzito, inajikokota, mwimbaji utadhani ameamshwa usingizini. "Hii waliirekodi wakiwa na malaria wote watano," Masumbuko alikuwa akisema, na sisi tulikuwa tunacheka kila mwaka kama vile ndiyo mara ya kwanza.

Hapo Nahumu anainuka. Anaichukua ile kanda pale mlangoni, anaivusha meza nzima, anaiweka dirishani.

"Hii ndiyo ya kwanza," anasema.

"Kwa sababu imeitwa jina la kwenu kule Makete!" tunampigia kelele.

"Kwa sababu ni nzuri."

"Nzuri kwa lipi? Tuambie."

Hapo alikuwa hajibu. Anatabasamu, anakaa, anaomba aongezewe kachumbari. Basi tunaiweka kopi yangu kwenye mashine makusudi, tumtazame. Alikuwa na tabia ya kugonga meza kwa kidole muziki ukilia, na kwa kanda hiyo kidole chake kilikuwa kinakimbia. Ngoma haijafika, yeye keshagonga. "Nahumu, unawahi wapi?" namwambia. "Basi la Makete bado halijajaa!" Watu wanavunjika mbavu. Mtu hana hata mapigo, halafu anataka kutupangia kanda.

Mwaka juzi alikuja na kanda yake mfukoni, ile orijino. Afadhali niieleze. Mwaka tisini na sita nilileta kutoka Dar orijino moja tu ya Maua ya Kitulo. Nikatoa kopi yangu, niliyoiita kopi mama, na kopi nyingine zote nilizitoa kwenye hiyo. Nahumu akaiona ile orijino, akaipendea picha ya maua iliyoko kwenye jalada, akaniletea gunia la viazi nikampa. Haikurudi tena Makambako mpaka siku hiyo.

Kabla hatujaanza kupanga, alinishika mkono akaninong'oneza. "Rehani, twende chumba cha nyuma na mashine yako. Sisi wawili tu. Nataka usikilize kitu."

Mimi nikapandisha sauti ili wote wasikie. Ndivyo nilivyo. "Chumbani tukafanye nini? Kama una kanda, icheze hapa hapa!"

"Sisi wawili tu, bwana. Nakuomba."

"Masikio haya yamelea watoto sita," nikasema. "Wewe mlima viazi ndiye wa kunifundisha kusikiliza?"

Masumbuko alicheka peke yake. Nahumu hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Aliirudisha kanda mfukoni, akamshukuru Salha kwa pilau ambayo hakuila, akavaa koti, akatoka. Nje mvua ilikuwa inanyesha.

Desemba iliyofuata hakuja. Tulipanga kanda saba ndani ya robo saa, maana hakukuwa na mtu wa kuihamisha ile ya mlangoni. Tukala tukitazamana. Walipoondoka, Salha akaniambia, "Mpigie simu mwenzako." Nikamwambia aliyeondoka ni yeye, kwa hiyo atakayepiga ni yeye. Nilikuwa nalala na simu karibu na mto, lakini kupiga sikupiga.

Mwaka huu mwezi wa sita simu ikaita. Alikuwa Aneth, binti wa Nahumu, anayeishi Yakobi pale Njombe.

"Shikamoo, mzee. Baba yuko kwangu, anaumwa. Ameumwa muda mrefu, ila alikataa tuwaambie watu. Sasa daktari amesema tukae naye tu nyumbani."

Nikakaa chini pale pale nilipokuwa.

"Anauliza kama mashine yako bado inafanya kazi," akasema Aneth.

Inafanya. Kibanda siku hizi kinauza vocha na makava ya simu, lakini mashine naifuta vumbi kila Ijumaa. Nikaifunga kwenye blanketi, nikatia kanda zote saba kwenye mfuko, na kesho yake kabla ya saa sita mchana nilikuwa Yakobi. Baridi ilikuwa imekaza, ukungu umekaa juu ya mashamba na hautaki kuondoka. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuomba msamaha. Na niseme kweli, nilikuwa nimekwenda kuomba msamaha wa tusi tu. Kuhusu ile kanda, bado nilijua mwenye haki ni mimi. Nilipanga nitaisikiliza orijino yake kama mtu anavyokubali kikombe cha pili cha chai kwa adabu, nimwambie ni nzuri, yaishe.

Nilimkuta kitandani karibu na dirisha, amevaa kofia ya sufu. Nahumu niliyemjua alikuwa anabeba gunia la viazi begani huku anapiga hadithi. Huyu alikuwa amebaki macho na mikono.

"Kamwene, Rehani," akanisalimu kwa sauti kubwa kuliko chumba kile.

"Kamwene," nikajibu. Nikakaa kwenye kiti, nikatazama sakafu, nikayamwaga yote. Nikamwambia nilimdhalilisha mbele ya watu nyumbani kwangu, akiwa mgeni wangu. Nikamwambia Desemba bila yeye ni matanga. Nikamwambia mimi ni mpumbavu mwenye kibanda. Sikumbuki mara ya mwisho kusema maneno mengi hivyo bila kumkatiza mtu. Nilipoinua uso, alikuwa ananitazama huku anatabasamu kidogo, kama mtu anayesubiri nianze.

Aneth alikuwa amesimama mlangoni na vikombe vya chai. "Baba hasikii," akasema taratibu. "Sikukuambia kwenye simu, nilishindwa. Zile dripu za saratani ziliondoka na masikio yote mawili. Andika hapa."

Akanipa daftari la shule na kalamu. Lilikuwa limejaa nusu, mwandiko wa Aneth: umekula, maumivu yako wapi, mchungaji amekuja. Nikaandika kwa herufi kubwa: NISAMEHE.

Nahumu akasoma. "Ya nini?"

Nikaandika: YALE MANENO YA SIKU ILE.

Akapunga mkono kana kwamba anafukuza nzi. "Umeleta mashine? Iweke pale juu ya meza." Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa ile orijino, jalada lake limechakaa, maua yamekuwa meupe.

Nikaandika: LAKINI HUTASIKIA.

"Utasikia wewe," akasema. "Siku zote nilikuwa nataka usikie wewe."

Nikachomeka mashine, nikaiweka kanda, nikabonyeza.

Nilidhani mashine imeharibika. Gitaa liliingia kwa haraka na sauti yake iko juu, ngoma zikalipokea, kisha mwimbaji akaingia, na hakuwa mtu aliyeamshwa usingizini. Alikuwa kijana, ana furaha, anaimba kama mtu anayeteremka mlima mbio na hajali kuanguka. Nikazima. Nikatoa Mlango wa Mbao kwenye mfuko, nikaiweka. Ikalia kama ninavyoijua tangu zamani. Mashine haina tatizo. Nikairudisha ya Nahumu, na yule kijana akaendelea kuteremka mlima.

Ndipo nikakumbuka belti, ule mpira unaozungusha kanda. Mashine yangu ina matundu mawili, moja linacheza na jingine linarekodi. Mwaka ule wa tisini na sita, siku chache baada ya kutoa kopi mama ya Maua ya Kitulo, belti ya tundu la kuchezea ilikatika. Kumbe kabla ya kukatika ilikuwa imelegea. Orijino ilizunguka polepole, na mimi nikaurekodi uchovu wa mashine yangu nikadhani ni uchovu wa bendi. Nyimbo sikuwa nimezisikia kabla, ningelinganisha na nini? Belti nikabadilisha. Kopi sikuirudia. Mikoa mizima ikacheka kanda nzuri kuliko zote kwa sababu ya mpira wa mviringo usiozidi kiganja.

Nikaandika: ULIKUWA UNAJUA?

Akalisogeza daftari karibu na macho. "Tangu mwaka ule ule. Niliicheza Makete kwenye redio ya kaka, halafu nikaja kwako nikaisikia yako. Nikajua ni belti."

MBONA HUKUSEMA?

"Watu si wangekurudishia kopi zote?" Akapumzika kidogo kutafuta pumzi. "Watoto wako walikuwa wadogo. Halafu na ile sifa yako ya masikio, bwana. Ulikuwa unaipenda mno." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, Aneth akaja kumshika mgongo.

Kilipotulia, nikauliza lile lililobaki, ingawa sehemu ya moyo wangu haikutaka jibu. MWAKA JUZI ULITAKA NINI CHUMBANI?

Alitazama nje kwenye ukungu.

"Dripu zilikuwa zianze Januari. Daktari alishaniambia masikio yanaweza kuondoka. Nikasema basi, kabla hayajaondoka, niisikilize mara moja na Rehani. Mara moja tu, ikiwa inakwenda sawasawa, tukiwa wawili, asione aibu."

Mimi ni mtu mzima wa miaka sitini na minne, lakini nililia kwa sauti, tena kwa uhuru wote, kwa kuwa aliyekuwa mbele yangu hasikii. Halafu nikaona ananiona, na hilo likawa baya zaidi. Alininyooshea mkono nikaushika.

"Irudishe mwanzo," akasema. "Ukianza, nipe ishara kwa kichwa."

Nikairudisha mwanzo. Nikazimwaga kanda nyingine juu ya blanketi lake, nikazipanga kwa mstari kutoka miguuni, nikachukua jalada la Maua ya Kitulo nikaliweka dirishani. Akalitazama. Nikabonyeza, na ngoma ya kwanza ilipopiga nikainamisha kichwa.

Akafumba macho. Kidole chake kikaanza kugonga blanketi, kile kile tulichokicheka miaka yote kwamba kinakimbia, kwamba hakina mapigo. Kilikwenda sawa na ngoma kabisa. Hakikuwahi wala kuchelewa, wimbo baada ya wimbo, pale mwimbaji anaponyamaza kinasimama, pale anaporudi kinarudi. Nilisikiliza upande wote bila kukohoa. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko zote, na ningeweza kuisikiliza naye mara mia.

Wimbo wa mwisho ukaisha, kitufe cha mashine kikaruka chenyewe, na chumba kikawa kimya. Kidole kikaendelea kugonga. Nadhani kwenye wimbo ule wa mwisho alikuwa ameachwa nyuma, au alikuwa ameanza tena kutoka mwanzo.

"Imefika wapi?" akauliza, macho yamefumbwa.

Alipoyafumbua nilikuwa nimeshaandika. Nikamwinulia daftari asome: BADO INAENDELEA.