Mama wa Hakimu

Hebu niambieni, nyinyi mliozaa: mwanao akikuinamia mbele za watu, amevaa joho jeusi, kimya kimetanda mpaka pangaboi linasikika, wewe utakaa usimwitikie?

Bi Mwanatumu wa Bongwe aliitikia. Na neno lake hilo moja liliwagharimu watu njia yao.

Njia yenyewe ilikuwa ile ya Galu, ya kuteremkia pwani. Wanawake walipita hapo tangu zama za mabibi zao, kwenda kungojea samaki washushwe, wakawakaange, wakawauze. Akaja bwana mmoja, Chirau, aliyekuwa diwani zamani na bado akipenda kuitwa Mheshimiwa. Akanunua kiwanja, akajenga ukuta, akatia geti. Tangu hapo wanawake wakawa wanazunguka kule mbali nyuma ya mahoteli, na jua likiwaka, samaki wanafika macho yamezama, hakuna anunuaye. Wakaenda kushtaki. Mbele yao alikuwa Jumwa, mwanamke mrefu mwenye maneno makali, ambaye kila asubuhi alipita Bongwe, mlangoni pa Bi Mwanatumu, na beseni lake kichwani.

Kesi ikaangukia kwa hakimu mgeni aliyehamishiwa Kwale. Na hakimu huyo ni Warda, bintiye Bi Mwanatumu.

Siku aliyoipokea, Warda alimpigia mamake simu. "Shikamoo mama. Nakuomba jambo. Mpaka kesi hii iishe, usije kwangu, wala mimi sitakuja kwako. Na mtu yeyote asikuingize humo."

"Marahaba. Haya, mwanangu," akasema Bi Mwanatumu. Lakini moyoni lilimkwama kama mwiba wa samaki changu. Mwana yuko Kwale, hapo tu juu, na mama hatakiwi kukanyaga!

Ilipokaribia siku ya hukumu, Chirau akabisha hodi Bongwe. Alivua viatu mlangoni, akaketi mkekani, akala mbaazi na mahamri kama mtoto wa nyumba ile.

"Mama, hivi umewahi kumwona Warda akiwa kitini?"

"Wapi, baba! Sijaitwa."

"Lo! Mama mzazi! Basi siku hiyo utakuwa mgeni wangu. Nitakuletea gari."

"Warda amenikataza, baba."

"Amekukataza nyumbani kwake. Koti ya kesi ni ya serikali, mama, mlango u wazi, hata kichaa huingia. Na mimi sikuombi useme neno. Kaa tu, umtazame mwanao."

Bi Mwanatumu angeweza kusema hapana. Akasema, "Inshallah."

Akalilaza buibui lake jipya chini ya godoro ili linyooke. Akajifukiza udi. Asubuhi ile akatafuna iliki njiani, ndani ya gari la vioo vyeusi, asije akanuka kinywa mbele ya wakubwa.

Walimketisha mbele kabisa, Chirau kulia, mkewe kushoto. Nyuma, kwenye benchi za ukutani, walibanana wanawake wa Galu. Jumwa alipomwona aliinua mkono kumpungia, kisha alipoona kaketi na nani, mkono ukaishia njiani.

Askari akapaza sauti watu wasimame. Mlango wa pembeni ukafunguka, akatoka Warda. Ninyi mnaoijua mahakama mnajua desturi: hakimu huinamia watu, watu humwinamia hakimu. Bi Mwanatumu hakuijua. Aliona mwanawe, aliyemzaa na kumlea, kasimama pale juu na kuinamisha kichwa. Na kwao mtoto akikuinamia amekuamkia, hata kama sauti hukuisikia.

"Marahaba, mwanangu!" akasema, kwa sauti yote.

Watu wakaangua kicheko. Warda akaganda. Macho yake yakatoka kwa mamake, yakaenda kwa Chirau, yakarudi.

Wakili wa akina mama akainuka. "Mheshimiwa hakimu, kwa heshima zote, naomba kujua huyu mama ni nani, na ameketishwa pale na nani."

"Ni mama yangu mzazi," akasema Warda, sauti kavu. "Mama, umekuja na nani hapa?"

Na Bi Mwanatumu, kwa adabu aliyofunzwa ya kumsifu aliyekukirimu, akajibu, "Nimekuja na mwanangu Chirau, Mungu amjaze kheri. Amenitunza kama mamake wa kumzaa."

Hapakuwa na kicheko tena. Chirau alikuwa akitazama viatu vyake, midomo kaibana.

Hukumu ilikuwa imeshaandikwa, i mezani. Warda hakuisoma. Alisema hawezi tena kuiamua kesi ile, anajitoa, ataletwa hakimu mwingine asiye na jamaa hapa, na mashahidi watasikizwa upya tangu mwanzo. Kisha akaondoka bila kumtazama mtu.

Nje, Jumwa alimngojea Bi Mwanatumu ngazini.

"Bi Mwanatumu, kumbe Chirau ni mwanao! Hongera! Na sisi tunaokuletea dagaa ni watoto wa nani? Wa jirani?"

"Jumwa, mwanangu, mimi sikusema neno baya..."

"Neno baya lingetufaa zaidi. Umesema marahaba."

Chirau alimshika mkono kwa upole, akamwingiza garini. Akamwambia mkewe, akicheka chini kwa chini, "Na waanze upya hata mara kumi. Ukuta hauna haraka."

Hapo ndipo Bi Mwanatumu alipojua ya kuwa yeye alikuwa chambo. Hakuhitajika kusema chochote. Alihitajika kuonekana. Uso ulimwaka kama aliyepuliza jiko. Gari lilipita stendi, na akina Jumwa walikuwa pale wamesimama juani. Alishukuru kwamba vioo ni vyeusi, kisha akaona haya kwa kushukuru.

Ijumaa baada ya sala Warda akaja Bongwe. Aliamkia, akaketi. Mama alikuwa akichambua mchele, na aliendelea kuchambua.

"Ulikuwa umeandika nini, Warda? Wangepata njia yao?"

"Siwezi kukwambia, mama."

"Mimi nilidhani ni adabu tu, mtu kakualika..."

"Mama."

"Sikujua mambo ya koti, mwanangu. Mimi nimesoma mpaka darasa la sita."

"Si koti, mama. Nilikukataza kwa Kiswahili."

Mkono wa Bi Mwanatumu ukasimama juu ya ungo. Alitaka kumtaja Chirau, na maneno yake matamu. Aliyameza.

"Kweli ulinikataza," akasema. "Na nilijua. Lakini kila asubuhi Jumwa hupita hapa akinisimulia, hakimu kasema hivi, hakimu kakaa vile, na mimi nauliza kama mgeni. Nilitaka kukuona, Warda. Na nilitaka wao wanione mimi, wajue ni nani aliyekuzaa."