Protini Iliyorudi Bila Kuitwa

Mimi ni fundi wa maabara, si profesa, na sitaki mtu anisahihishe ninapoeleza mambo kwa lugha yangu. Miaka ishirini na miwili nimeitunza mashine moja ghorofa ya tatu ya chuo chetu hapa Johannesburg. Wanafunzi wanakuja na kuondoka, mimi na mashine tupo.

Kazi ya mashine ni kuonyesha kama protini imejikunja au imefumuka. Protini ni uzi mrefu. Ukiuweka kwenye maji hujikunja wenyewe: sehemu nyingine hujisokota kama springi, nyingine hulala bapa ubavu kwa ubavu, kisha springi hulalia bapa, na vile vipande visivyopenda maji hujificha katikati. Ukiupasha moto, hufumuka.

Khethiwe Mabaso alikuwa mwaka wake wa mwisho wa udaktari. Aliona kwamba protini yake ina kishimo mle katikati, pale springi inapokutana na bapa. Akatoa kipande kimoja kidogo cha uzi, akaweka kikubwa kidogo, ili kizibe. Alidai iliyozibwa itastahimili joto kuliko ile ya asili. Lakini ili hesabu zake zikubaliwe kulikuwa na sharti: protini ikishafumuka kwa joto, ikipoa ijikunje tena vilevile. Isiporudi, hesabu zote ni bure. Na ya Khethiwe ilikuwa hairudi. Tangu Machi mpaka Agosti, kila akiipasha iliganda nyeupe kama ute wa yai lililochemshwa.

Jumatatu hiyo Profesa Govender, msimamizi wake, aliingia na kikombe cha chai mkononi. Huyu mama hana maneno mengi, na machache aliyonayo yana ncha.

"Khethiwe, ile sura ya protini iliyozibwa tuitoe."

"Prof, ile sura ndiyo tasnifu yenyewe!"

"Ijumaa unasimama mbele ya kamati. Watakuuliza swali moja tu: unajuaje inarudi? Utaishia hapo hapo. Maji yakimwagika hayazoleki, binti. Anza na protini nyingine, miaka miwili utakuwa umemaliza."

"Miaka miwili tena? Nirudi nyumbani Ulundi nimwambie mama nini?"

Profesa akanywa chai yake. "Jaribu leo, mara ya mwisho. Kesho naiandikia kamati."

Alipotoka, Khethiwe akatia protini ya asili kwenye kichupa cha kioo, akakiweka ndani ya mashine.

"Mma Seroke," akaniambia, "niombee basi."

"Mimi naombea mashine. Protini ni yako."

Tukaanza saa nne asubuhi, digrii moja kila dakika. Kwenye ubavu wa mashine kuna karatasi niliyoibandika zamani: *Pasha mpaka 95.* Kila mwanafunzi aliyepita hapa aliifuata. Mchoro kwenye skrini ulianza kuinuka kwenye hamsini na sita, ukapanda, na ulipofika sitini na nane ukawa umeshatulia juu. Protini yote ilikuwa imefumuka. Hapo hapo umeme ukakatika.

Ratiba ya mgao ilisema utakatika saa nane mchana. Ratiba hizo tumezizoea, na jenereta la chuo hulisha mafriza tu. Khethiwe akakaa sakafuni, amekata tamaa kabisa.

"Hata umeme umenikataa, Mma."

Nikamnunulia magwinya, yale maandazi yetu ya kukaanga, kwa mama mmoja anayeuza getini, tukala. Alipomaliza alijifuta mafuta vidoleni, akachomoa kichupa, akaelekea kwenye sinki.

"Wee! Unakipeleka wapi?"

"Naimwaga. Si imeshaharibika?"

"Imeganda?"

Akakiinua dirishani. Akakitazama muda mrefu kuliko kawaida. "Haijaganda. Iko safi kama maji."

"Basi irudishe ilipokuwa. Akiba haiozi."

Umeme ulirudi saa sita na nusu. Nikapitisha hewa ya naitrojeni inayoilinda taa ya mashine, nikaiwasha taa, nikangoja itulie. Tukaipima protini ikiwa imepoa. Springi zote zilikuwa mahali pake.

"Mma, hii ndiyo ileile niliyoipasha?"

"Kwani nimekubadilishia?"

"Imerudi! Imejikunja yenyewe, sisi tumekaa tunakula magwinya!"

"Usishangilie bado. Rudia, na safari hii uishie sabini."

Mchoro wa pili ukalala juu ya ule wa kwanza, mstari juu ya mstari. Tukaipoza, tukarudia, ukalala tena. Ndipo tukaweka ile aliyoiziba shimo, tukaishia sabini na sita. Nayo ikafumuka, nayo ikarudi. Ya asili ilifumuka nusu kwenye sitini na moja. Iliyozibwa, sitini na saba. Digrii sita kwa kipande kimoja kidogo!

Khethiwe alipiga vigelegele vya harusi. Profesa Govender akaja mbio akidhani mtu kajimwagia asidi. Akaitazama skrini, akakaa kwenye kiti changu ambacho hakuna mwingine anayekikalia.

"Rudia," alisema.

"Tumesharudia, Prof. Mara mbili."

Akavua miwani. "Nilikosea," akasema. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake, na lilinichoma, kwa sababu halikuwa kosa lake.

"Kosa ni langu," nikasema. "Protini yetu ya kwanza hapa ilitoka kwa vijidudu vya chemchemi za maji moto. Ile ilihitaji tisini na tano. Nikaandika karatasi, na sikuwahi kuibandua. Kufumuka hakukuiharibu protini ya huyu mtoto. Ni zile digrii za ziada, nyuzi zinanatana zikiwa wazi. Mwanangu, nimekupotezea miezi mitano."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Khethiwe akanishika mabega.

"Na mimi nilikuwa na mdomo, Mma. Mbona sikuuliza?"

"Ungeniuliza mimi? Ungethubutu?"

"Aka! Nani akuulize wewe?" Tukacheka wote watatu, Profesa akiwa wa kwanza.

Ijumaa nilikaa safu ya nyuma na gauni langu la kanisani. Khethiwe alieleza kishimo chake, springi na bapa, digrii sita. Mzee mmoja mwenye suti ya kijivu, mgeni kutoka chuo kingine, akaegemea mbele kama paka aliyeona panya.

"Binti, unajuaje kwamba inarudi?"

Khethiwe akacheka kwa sauti, mbele ya maprofesa watano, ndipo akamjibu.